Chanjo ya miezi 18: hapo ndipo mzazi aulizwe kuhusu usonji

Baba Ipagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Humu ndani kila baada ya muda huletwa swali lile lile: "Mwanangu ana miaka mitatu haongei, nifanyeje?" Majibu humiminika. Mkate udata chini ya ulimi. Wa kiume huchelewa. Baba yake naye aliongea na miaka minne, leo ni fundi umeme mzuri tu. Mpeleke kwa mtumishi akaombewe. Subiri.

Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye usonji, tunaishi Ipagala hapa Dodoma, na hilo "subiri" limenikaa rohoni muda mrefu. Nina hoja moja, na nitaitetea mpaka mwisho wa uzi: mtoto anapopelekwa kliniki na miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua-rubela, mzazi wake aulizwe pia jinsi mtoto anavyowasiliana na watu. Siku hiyo hiyo, kwenye benchi hilo hilo, kabla ya sindano.

Kwa nini siku hiyo? Ratiba ya chanjo ya nchi yetu inamwita kila mtoto, awe wa Kisasa au wa kijiji cha ndani kabisa huko Bahi. Na baada ya sindano hiyo, tuseme ukweli, kadi nyingi zinaingia kabatini mpaka mtoto augue au aandikishwe shule. Tunatakiwa kuendelea kumpima uzito hadi afikishe miaka mitano, lakini nenda kliniki yoyote uhesabu watoto wa miaka mitatu waliokaa pale. Halafu miezi 18 ndio umri ambao dalili nyingi zimeshajionyesha kwa anayejua kutazama. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kila mtoto achunguzwe usonji akiwa na miezi 18 na tena akiwa na miezi 24, hata kama mzazi hana wasiwasi wowote.

Kadi ya mwanangu ninayo hapa ninapoandika. Mstari wa uzito unapanda vizuri kwenye kijani. Miezi 18: kilo zimeandikwa, sindano imewekewa alama, tarehe ya kurudi ipo. Katika kliniki moja hapa mjini walimsifia kwamba ana afya njema, na kwa uzito kweli alikuwa nayo. Wakati huo huo alikuwa ameshaacha kusema "maji" na "mama", maneno aliyokuwa nayo kabla. Ukimwita jina hageuki, ila ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Alikuwa anapanga vizibo vya soda kwenye kizingiti cha mlango, kimoja kimoja, na ukisogeza kimoja anakirudisha pale pale huku analia mpaka sauti inakauka. Hakuna aliyetuuliza lolote kuhusu hayo. Na mzazi gani angeyasema bila kuulizwa, wakati kliniki wote tunaijua kuwa ni ya kilo na sindano?

Kwa ambao jambo hili ni geni: usonji si wehu, si laana, wala hautokani na mama kukosa upendo. Ubongo unakua kwa namna tofauti tangu mapema sana, na vinasaba vina mchango mkubwa. Daktari huangalia maeneo mawili. La kwanza ni jinsi mtoto anavyohusiana na kuwasiliana na wenzake. La pili ni tabia za kurudiarudia, kung'ang'ania mpangilio uleule, na hisia zilizozidi au zilizopungua kwenye sauti, mwanga, mguso au ladha. Wangu mlenda haugusi kabisa, ule utelezi unamtoa machozi, na nyumbani kwetu mlenda ndio mboga ya kila siku.

Mzazi aangalie nini? Mtoto wa miezi 12 anatakiwa awe anageuka akiitwa jina, anabwabwaja, anapunga mkono wa kwaheri au kunyoosha mikono abebwe. Miezi 16, angalau neno moja moja. Miaka miwili, aunganishe maneno mawili yake mwenyewe, mfano "nipe maji" au "baba njoo", si kurudia tu alichosikia kwenye redio. Na mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza, umri wowote ule, huyo apelekwe haraka bila mjadala.

Lakini kama ningeruhusiwa kuchagua swali moja tu la kuuliza pale kwenye mizani, ningeuliza kuhusu kidole. Mtoto wa kawaida wa mwaka mmoja na nusu akiona mbuzi anapita, anamwonyesha kwa kidole cha shahada, halafu anageuka kukutazama wewe usoni. Hamhitaji mbuzi. Anataka muone wote. Anageuza kichwa kutoka kwa mbuzi kuja kwako na kurudi kwa mbuzi, na pengine anatoa sauti, "eeh!" Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Akitaka kitu anaweza kukushika mkono na kuupeleka kwenye kile kitu, kama vile mkono wako ni kifaa cha kufungulia kopo, wala hakutazami. Na wewe ukinyoosha kidole kumwonyesha jambo, hafuati. Mama yeyote wa Nkuhungu au wa Kongwa anaweza kujibu swali hilo akiwa amesimama, na halihitaji mashine wala shilingi.

Lipo dodoso linaloitwa M-CHAT-R/F, lina maswali 20 ya ndiyo na hapana kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 hali si ya kutisha, 3 hadi 7 mzazi anaulizwa tena kwa undani, 8 na kuendelea anapelekwa moja kwa moja kwa uchunguzi kamili. Dodoso halitoi jibu kwamba mtoto ana usonji. Linasema tu huyu aangaliwe vizuri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Tafakarini shule za msingi mnazozijua hapa mkoani na idadi ya wanafunzi wake.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili kwa heshima.

Mama Wawili Kisasa

Baba Ipagala, umenigusa pakubwa. Wa kwangu ni wa kike. Kila nilipokwenda niliambiwa "huyu mpole tu, ana aibu". Mama mkwe akasema mtoto amechezewa, tukazunguka kwa waganga mpaka Manyoni. Hela ya mbuzi watatu imeishia huko. Aligunduliwa ameshaingia darasa la awali, na aliyegundua si daktari, ni mwalimu wa zamu aliyemuona kila mapumziko anazunguka mti mmoja peke yake.

Naomba kuuliza: ni kweli wasichana hawapati?

Baba Ipagala

Pole sana dada, na asante kwa kusema wazi. Wanapata. Takwimu za Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha wavulana waliotambuliwa ni zaidi ya mara tatu ya wasichana, ila sehemu ya tofauti hiyo inatokana na wasichana kupitwa bila kuonekana. Msichana mara nyingi huiga wenzake, hukaa kimya, na ukimya wa mtoto wa kike kwetu unasifiwa. Ndiyo maana nasema maswali yaulizwe kwa kila mtoto. Tukisubiri mzazi aje na wasiwasi, wapole wote watapita.

Mzee wa Mvumi

Vijana, nawasoma. Mimi nimelea watoto na sasa wajukuu. Nyumbani kwangu bibi anawasemesha Kigogo, mama yao ni Mrangi, shuleni Kiswahili. Mtoto wa namna hiyo lazima achelewe kidogo kuongea, kichwa kinachambua lugha tatu. Na hizi simu mnazowapa walale nazo? Zamani watoto waliongea kwa sababu kulikuwa na watu wa kuongea nao. Nina hofu sasa kila mtoto mkimya atabandikwa jina la ugonjwa, na jina likishakaa halibanduki.

Baba Ipagala

Shikamoo mzee wangu. Hofu yako ya jina naielewa, maana hapa Dodoma tuna tatizo letu la pekee. Ukitaja afya ya akili mtu anasikia Mirembe, na "mtu wa Mirembe" ni tusi la mtaani tangu tukiwa wadogo. Wapo wazazi wanaokataa barua ya rufaa kwa sababu tu jirani atawaona wakiingia lile geti. Wakati pale ndipo tuna hospitali ya taifa ya afya ya akili, mikoa mingine inatamani iwe nayo jirani hivyo.

Kuhusu lugha, utafiti umeshafanyika sana: kulelewa na lugha mbili au tatu hakuleti usonji, na hakufanyi mtoto apoteze maneno aliyokuwa nayo. Mtoto wa Kigogo na Kirangi huenda akachanganya maneno, lakini kidole atanyoosha, jina lake ataitika, macho yatakutafuta. Hivyo havina lugha. Hapo ndipo pa kutofautisha mtoto aliyechelewa kuongea tu na mwenye usonji, na ndiyo sababu nimeshikilia swali la kidole.

Simu: haijathibitika kwamba inasababisha usonji. Ila nakuunga mkono kwa asilimia zote kwamba mtoto anayeangalia katuni mchana kutwa anakosa muda wa kusemeshwa, na mtoto mwenye usonji ndiye anayehitaji kusemeshwa kuliko wote. Hizo simu zipunguzwe.

Nesi wa Wilayani

Habari zenu. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja wilaya ya Bahi, naomba niseme upande wa pili.

Ndugu mwanzisha uzi, siku ya kliniki yetu akina mama wanaanza kufika kabla jua halijapanda. Mizani ni ile ya kuning'iniza, watumishi wawili, mmoja anaitwa wodini kukiwa na anayejifungua. Kuna kupima, kuchoma, kuandika kwenye kadi, kwenye rejista, kwenye mfumo, kutoa vitamini A na dawa za minyoo ikiwa ni mwezi wake. Maswali 20 kwa kila mtoto wa miezi 18 ni mlima.

Jambo la pili, umesema siku ya surua-rubela. Umewaza wazazi watakavyopokea? Uvumi kwamba chanjo inaleta usonji umefika mpaka vijijini. Nikimuuliza mama maswali ya usonji halafu nikamchoma mtoto sindano, kesho akiona tatizo atasema "nesi alijua ndiyo maana aliniuliza".

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Nikimkuta mtoto mwenye dalili, nampeleka wapi? Wataalamu wa kufundisha mtoto mawasiliano nchini ni wachache mno. Nitakuwa nimempa mama hofu na nauli ya kutafuta, basi.

Baba Ipagala

Sista, asante. Hayo ndiyo maswali niliyoyategemea kutoka kwa mtu aliye kazini, na nitajibu nikianza na la chanjo.

Uvumi ule una chanzo kinachojulikana. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha makala kuhusu watoto 12 tu. Baadaye ilibainika kazi ile ilikuwa na udanganyifu, jarida la Lancet likaifuta mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa nchi yake. Denmark walifuatilia watoto 657,461 na kuchapisha matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kilichopo ni kwamba dalili huanza kuonekana wazi katika umri ule ule wa chanjo, mtu akaunganisha. Ndiyo maana niliandika "kabla ya sindano". Mama akishasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mtoto haitiki na hanyooshi kidole, na likaandikwa na tarehe kabla ya kuchomwa, uvumi unakosa pa kusimamia. Kumwuliza baadaye ndiko kungeuletea nguvu.

Mlima wa maswali 20: nakubali kabisa. Kwa hiyo tusianze na yote. Maswali matatu au manne yaulizwe kwa mama akiwa kwenye foleni, na si lazima awe nesi anayeuliza. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, wengi ni wenyeji wa kijiji, wanaongea Kigogo na mama anawaamini. Anayejibu kwa mashaka ndiye aulizwe yaliyobaki. Wenzetu wa Uganda walifanya jambo la aina hii: timu ya Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere ilichukua dodoso la zamani la maswali 10 ya ulemavu wa watoto, ikaongeza ya usonji, yakafika 23. Malawi nao wana kipimo chao cha ukuaji wa mtoto, MDAT, kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavifahamu. Hatuanzi kutoka sifuri.

Na maswali yetu lazima yavae mazingira yetu. Ukimwuliza mama wa Chamwino kama mwanawe "anajifanya anazungumza na simu ya kuchezea", atasema hapana kwa sababu hajawahi kununua simu ya kuchezea. Uliza kama anajifanya anapika ugali wa mchanga kwenye kifuniko, au anaendesha kopo kama gari. Uliza vizuri pia kuhusu macho. Watoto wetu wanafundishwa wasimkodolee mkubwa macho, kwa hiyo swali liwe: anakutazama wewe mama yake mnapocheza, unapomvalisha, unapomnyonyesha?

Sasa la tatu, "nampeleka wapi". Sista, hili nimelifikiria usiku mwingi. Nasema hivi: hata pasipo mtaalamu, kujua mapema kunabadilisha mambo. Mama Wawili hapo juu asingeuza mbuzi. Mtoto asingekatwa chini ya ulimi kwa wembe kwa ajili ya udata ambao hana. Masikio yangepimwa, na hilo peke yake ni kubwa, kwa sababu mtoto asiyesikia na mtoto mwenye usonji wote hawaitiki, na asiyesikia akigunduliwa mapema njia yake ni nyingine kabisa. Dodoma tuna hata shule ya msingi ya viziwi. Kifafa kingetazamwa, maana huandamana na usonji mara nyingi kuliko watu wanavyojua.

Halafu hiyo hofu ya kumtisha mama bure: utafiti wa M-CHAT-R/F uliochapishwa mwaka 2014 Marekani ulionyesha kwamba watoto waliobaki na alama za wasiwasi baada ya maswali ya pili, karibu nusu walikuwa na usonji, na asilimia 94.6 walikuwa na tatizo fulani la ukuaji au jambo la kufuatilia. Maana yake hata ambaye si usonji, kwa kawaida kuna kitu alichohitaji kusaidiwa. Takwimu ni za huko, lakini funzo lake linatuhusu.

Na msaada wenyewe si lazima uanze na mtaalamu. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji ukiwemo usonji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yameandaliwa yaendeshwe na watu wasio mabingwa. Kenya na Ethiopia wameshayajaribu. Kinachofundishwa ni vitu vya nyumbani. Kaa chini uso kwa uso na mtoto. Fuata anachokipenda yeye, usimlazimishe chako. Taja jina la kitu, kisha nyamaza umpe nafasi.

Sisi tulifanya hivyo na vile vizibo. Mama yake aliketi kizingitini, akawa anavishika yeye. Mtoto akitaka kimoja anaulizwa "kizibo?", mama anakiweka karibu na uso wake, anangoja. Mwanzo alikuwa anapokonya. Ikafika siku akatazama kizibo, akamtazama mama, akarudisha macho kwenye kizibo. Neno lilikuja baadaye sana, lakini yale macho ndiyo yalikuwa mlango. Hakuna mtaalamu aliyekuwepo. Kulikuwa na mama aliyeonyeshwa jinsi ya kungoja.

Nesi wa Wilayani

Hapo kwenye kuandika kabla ya sindano umenipa jibu la kumwambia mganga mfawidhi. Hoja ya masikio nayo naipokea, ukipima masikio hakuna anayepoteza. Nitaongea na wahudumu wa jamii wa kijiji chetu, waanze na kuitika jina, kidole, na kupoteza maneno. Tuone.

Mwalimu wa Awali Makole

Naongezea kwa ufupi. Sisi tunawapokea wakiwa na miaka mitano. Darasa limejaa. Mtoto anayeziba masikio kengele ikigongwa, anayekimbia nje, anayerudia swali badala ya kulijibu, wenzangu wengi wanamwita mtukutu na anachapwa. Mwalimu wa kawaida hakufundishwa haya. Waliosoma elimu maalumu, mfano waliopita chuo cha Patandi kule Arusha, si kila shule inao. Kama mtoto angekuja na karatasi inayosema "huyu ana usonji, kelele zinamuumiza, mpe maelekezo mafupi", mwaka wake wa kwanza ungekuwa tofauti kabisa. Serikali yenyewe ilizindua Desemba 2021 programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Hoja ya Baba Ipagala inaingia humo bila kuhitaji sheria mpya. Madiwani waulizwe kwenye vikao vyao imefikia wapi kwenye kata zetu.

Kijana wa UDOM

Nina maswali ya kitaalamu. Kwa nini kusiwe na kipimo cha damu? Na mwaka 2025 viongozi wa Marekani walisema parasetamoli kwa wajawazito inahusika, mbona hulisemi hilo?

Baba Ipagala

Mkuu, hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotoa jibu la usonji. Utambuzi ni wa kumtazama mtoto anavyocheza na kuhusiana, kumhoji mzazi historia yote, na kuondoa sababu nyingine kama usikivu. Daktari mzoefu anaweza kuutambua kwa uhakika mtoto akiwa na miaka miwili. Marekani kuna kifaa cha programu ya kompyuta kilichoidhinishwa na FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, mwaka 2021, kinachochambua majibu ya mzazi na video za mtoto, lakini nacho kinamsaidia daktari tu. Na hata kwao, pamoja na vifaa vyote, takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha nusu ya waliotambuliwa walitambuliwa baada ya miezi 47. Karibu miaka minne! Kwa hiyo tatizo si mashine. Ni nani anauliza, na lini.

Parasetamoli: utafiti wa Sweden uliochapishwa 2024 ulihusisha watoto karibu milioni 2.5. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alitumia dawa hiyo na mwingine hakutumia, tofauti haikuonekana. Mama mjamzito mwenye homa kali amwone mhudumu wa afya, asikae na homa kwa sababu ya habari za mtandaoni. Na akina mama waliokwisha kuzaa, tafadhali msianze kuhesabu vidonge mlivyomeza. Mmebebeshwa lawama za kutosha.

Mama Kongwa

Samahani, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mwanangu wa kiume ana miezi 20. Anatembea kwa vidole vya mbele, anapenda kuzungusha tairi ya baiskeli iliyopinduliwa, anaweza kukaa hapo mpaka jua linazama. Haitiki jina. Alikuwa anasema "dada" na "nyonyo", sasa hasemi. Kidole hanyooshi, ananivuta mkono. Chanjo zote amemaliza. Mume wangu anasema tusubiri afike miaka mitatu. Nianzie wapi, na nitamwambiaje mume wangu?

Nesi wa Wilayani

Mama Kongwa, pole, umefanya vizuri kuandika. Kupoteza maneno si jambo la kusubiri. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya ukiwa na kadi, waambie maneno haya haya uliyoandika hapa, hasa kwamba aliongea akaacha. Omba rufaa mbili: kliniki ya masikio, pua na koo apimwe usikivu, na daktari wa watoto. Kwa mjini Dodoma ni hospitali ya rufaa ya mkoa, tunayoiita General, au Benjamin Mkapa. Wao ndio watakaoona kama uende na kwa madaktari wa afya ya akili, au Muhimbili. Usiogope jina la kliniki yoyote utakayoelekezwa. Kamwone pia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, msaada wa gharama huanzia kwake. Na ulimi wake usiguswe na mtu.

Baba Ipagala

Mama Kongwa, nyongeza zangu. Chukua video fupi kwa simu: moja unamwita jina akiwa anacheza, moja yuko na ile tairi, moja anakuvuta mkono. Mtoto akifika mbele ya daktari anaweza kulia tu au kulala, na daktari akakosa cha kuona. Andika kwenye daftari umri alioanza kutembea, maneno aliyokuwa nayo, na mwezi alioyaacha. Kama alizaliwa kwa shida, alipata manjano kali, au alilazwa kwa malaria yenye degedege, andika pia.

Mume wako usimwambie "mtoto ana usonji", kwa sababu bado hakuna aliyesema hivyo. Mwambie twende tukapime masikio. Hakuna baba anayekataa masikio ya mwanawe yapimwe. Mkiwa pale daktari ataendelea na mengine, na baba atakuwa amekaa hapo hapo anasikia mwenyewe.

Usingoje tarehe ya rufaa kuanza kazi ya nyumbani. Leo jioni kaa chini upande wa pili wa ile tairi, uso wako aone kupitia spoki. Ikisimama, sema "zungusha", ngoja kidogo, kisha uzungushe. Fanya hivyo kila siku, dakika chache tu mara kadhaa, uwe mtulivu. Ukitaka kujua cha kufanya baada ya hapo, niandikie humu humu kwenye uzi ili na wengine wafaidike.